Habari za Mbali Kwenye Mashine ya Léonard

Kama ulitaka kumtesa Léonard Nkandu, ilitosha kumwambia akae kimya robo saa. Hakuwa mgomvi wala mlevi, na kazi yake aliijua vizuri. Ila kukaa tu, mikono mapajani, akingoja jambo lisilojulikana litakuja lini, hilo lilimshinda tangu ujana wake. Na Mungu, kwa utani wake, akampa kazi ambayo nusu yake ni kungoja. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, na umeme wa Kasungami huja unapojisikia.

Wanawake wa mtaa walifika asubuhi na mabeseni yao ya mahindi, wakayapanga chini kwa mstari, kila beseni likimshikia nafasi mwenyewe. Mashine ikinguruma, mambo yalikwenda. Umeme ukikatika, hakuna aliyeondoka, kwa sababu ukienda nyumbani na kurudi utakuta beseni lako limesukumwa nyuma na hakuna aliyemwona aliyelisukuma. Hapo ndipo Léonard alipochukua redio yake ya betri kutoka rafuni na kuibana sikioni. Tangu mke wake Jeanne afariki, redio ile ndiyo iliyobaki kuzungumza naye nyumbani. Ilizungumza Kifaransa, na mara nyingi ilizungumza vita.

Vita gani hakuvijua? Alijua nani amerusha makombora usiku, nani ameahidi silaha, na mkutano gani wa amani umevunjika kabla ya chakula cha mchana. Alizisikiliza habari hizo, akazigeuza kuwa Kiswahili cha Lubumbashi, akaongeza chumvi kidogo, kisha akawagawia wanawake. Mji uliopigwa mabomu ulikuwa mbali na mpaka "kama kutoka hapa mpaka Kasomeno". Mambo ya mipaka yakiwa magumu, aliyachukua mabeseni yenyewe: beseni la Mama Lydie jeshi hili, beseni la jirani yake jeshi lile, na kabeseni kadogo ka katikati raia. Wanawake walimwonya kwamba vita vikiisha arudishe kila beseni mahali pake, na siku mbili tatu palizuka ugomvi wa kweli kwa sababu jeshi fulani lilikuwa limekalia nafasi ya mtu.

Lakini walisikiliza. Aliposimulia watoto waliotolewa chini ya kuta, wengine walijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mama Lydie, muuza mandazi mwenye sauti inayofika mpaka barabarani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kila asubuhi kule wameamkaje. Wakampa Léonard jina la Ministre, yaani Waziri. Alijidai halipendi.

Nyuma ya mashine, kwenye kiwanja hicho hicho, kulikuwa na chumba alichompangisha Hénoc, mwanamume wa miaka thelathini hivi, na mkewe Daniella. Walitoka upande wa Beni, mashariki kwenye mauaji, mwaka wa pili sasa. Hénoc alitengeneza simu mbovu na kulima kipande cha ardhi bondeni. Alisema "watu" pale ambapo sisi wa hapa husema "bantu", kwa hiyo akifungua mdomo tu kila mtu alijua ametoka mbali. Basi aliufungua kwa nadra. Juu ya Beni hakusema kitu. Léonard alimchimba mara tatu, na mara zote tatu akapewa jibu moja, kwamba walikuja tu. Ilimuuma. Habari kubwa ilikuwa inalala uani kwake na haitaki kutoka. Kwa hiyo habari za Beni nazo akazichukua redioni, akazisimulia kwa mabeseni kama nyingine.

Jumanne moja ya Novemba umeme ulikatika tangu alfajiri. Juma lile bomu lilikuwa limelipuka katika mji mmoja wa Ulaya, na redio ikamleta mama mmoja mtaalamu aeleze jinsi serikali za huko zinavyowafundisha raia kuwatambua magaidi mapema. Léonard alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama mbele ya mstari wa mabeseni na kuanza somo. Gaidi, alisema, haandikwi kwenye paji la uso. Ni jirani mpole. Hasemi alikotoka. Ana simu nyingi kuliko masikio yake. Ananunua mbolea, kwa maana mbolea ile inayootesha mahindi inaweza kugeuzwa bomu.

Kwenye mbolea wanawake walicheka. Ni Novemba, mvua zimeanza. Nani Kasungami hana mbolea chini ya kitanda? Léonard hakupenda kuchekwa katikati ya somo zito. Akapandisha sauti na kuongeza alama moja ambayo mtaalamu wa redio hakuitaja kabisa. Alisema kwamba mara nyingi mtu huyo anatoka mahali penye vita, na anasema amevikimbia. Aliongeza kwa sababu ilisikika vizuri, basi, hakukuwa na sababu nyingine.

Kicheko kilikatika. Mama Lydie aligeuka polepole akatazama mlango wa chumba cha nyuma, ambapo mifuko minne ya mbolea ilikuwa imesimama ukutani. Hénoc alikuwa ameinunua pamoja na wenzake wa bondeni. Léonard aliona anachotazama. Aliona, na moyo ukamwambia sema neno, lakini umeme ulirudi na kila mtu akakimbilia beseni lake.

Ijumaa ilifika jeep. Ofisa mmoja wa usalama aliingia mpaka kwenye mashine, akaushika mkono wa Léonard wenye unga na kuutikisa kwa heshima.

"Papa Léonard, ni weye njo ulitufungulia macho," alisema.

Léonard hakuelewa, akatabasamu. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni wakati Hénoc alipotolewa chumbani, shati limefungwa vifungo viwili tu, na nyuma yake watu wawili wakibeba mifuko ya mbolea na ndoo iliyojaa simu zilizofunguliwa tumbo. Hénoc hakupiga kelele. Alimtazama Léonard mara moja tu, akapanda.

Wanawake walitawanyika. Daniella alibaki katikati ya ua, wala hakulia.

"Waliomuua mama yangu na kaka zangu walikuja na mapanga, Papa," alisema. "Hawakuwa na simu hata moja. Mimi nilikuwa nimeumia mguu. Huyo mliyempandisha kwenye gari ndiye aliyenibeba mgongoni siku mbili."

Léonard aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kusema kwamba si yeye aliyewaita, na ilikuwa kweli, na ukweli huo haukumsaidia kitu.

Jumatatu alikwenda mjini kwenye ofisi ya usalama, redio ndani ya mfuko. Walimweka kwenye benchi saa nne nzima. Alisimama, akakaa, akahesabu vigae vya sakafu, akasimama tena mpaka mlinzi akamuuliza kama ana mchango tumboni. Mwishowe yule ofisa alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akafungua faili na kumsomea maneno ya wanawake watatu, Mama Lydie wa kwanza. Wote walisema jambo moja, kwamba Ministre anayesikiliza redio ya kimataifa amewafundisha alama, na mpangaji wake anazo zote.

Léonard alitoa redio yake na kuiweka mezani. Alieleza kwamba yote yametoka mle, ila neno moja tu, la mtu kukimbia vita, hilo alilizidisha yeye.

"Redio haiko na carte d'électeur," ofisa alisema, yaani kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu. "Weye uko nayo."

Kisha akamwonyesha njia, na zilikuwa mbili. Kama maneno ya Ministre yanasimama, Hénoc atapandishwa ndege ya Alhamisi kwenda Kinshasa, na akishafika Kinshasa hata yeye ofisa hatajua ameishia wapi. Kama Ministre ametunga, basi aandike kwamba ametunga habari zake, faili itakosa miguu, na mtu atarudi nyumbani. Lakini atasema hivyo mbele ya wale wale waliomsikia, na shefu wa mtaa aweke sahihi. Léonard aliuliza kama hawezi kukiri lile neno moja tu. Ofisa alikataa. Shahidi aliyedanganya nusu, alisema, wakubwa wake wataishikilia nusu nyingine. Akirudi mtaani akaanza tena kusema hili kweli na lile kweli, faili itafunguliwa upya.

Alirudi Kasungami kwa miguu, mwendo wa saa mbili na zaidi, kwa sababu alijua hataweza kutulia kwenye kiti cha taksi. Njiani alijipigania. Alikuwa na nini kingine? Mke amekwenda, watoto wako Kolwezi na hawapigi simu. Alikuwa na saa zile za giza la mashine, aliposimama na watu arobaini wakanyamaza ili wamsikie. Na hakuwa mwongo! Chumvi aliweka, ndiyo, lakini wale watoto chini ya kuta walikuwa watoto wa kweli. Akafika mpaka kujiambia kwamba kesi hizi huisha zenyewe, kwamba labda Kinshasa wataona hamna kitu. Niseme wazi, alipofika kwenye reli alikuwa ameshaamua kunyamaza.

Alipoingia uani akamkuta Daniella ameketi kizingitini, anakunja mashati ya Hénoc na kuyapanga kwenye begi. Alikuwa amesikia habari za ndege. Aliyakunja vizuri, kola juu, kama mtu anayemwandalia mumewe safari ya kawaida. Kesho yake asubuhi Léonard alikuwa wa kwanza kwenye benchi la ofisi.

Jumatano walikuja. Umeme haukuwepo, kwa hiyo watu walikuwepo. Jeep ilisimama nje, na kupitia kioo ulionekana ubavu wa uso wa Hénoc. Shefu wa mtaa alishika karatasi na kalamu. Daniella alisimama ukutani na beseni lake, kwa sababu hata siku hiyo ilibidi watu wale.

"Bamama," Léonard alisema, "ile mambo ya mbolea na matelefone, ni mimi njo niliitunga."

Walimtazama. Alingoja wamtukane, maana tusi lingekuwa nafuu, lakini Mama Lydie alikuwa bado anafikiri.

"Na vita ile yote?" aliuliza. "Na bale batoto ba chini ya manyumba?"

Léonard alitazama kalamu ya shefu. Alijua akisema wale watoto ni wa kweli, kalamu itainuka na maswali yataanza.

"Nilitunga."

Mmoja akacheka. Mwingine akafyonya, akasema amelia machozi yake bure mwaka mzima kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Mama Lydie alinyanyua mkono wanyamaze.

"Na ya Beni?"

Daniella alikuwa hatua nne kutoka kwake. Léonard hakuthubutu kumtazama. Alitazama jeep.

"Hata ya Beni," alisema. "Nilitunga yote."

Mama Lydie alishusha pumzi ndefu, na uso wake wote ukalainika. Alikuwa mama mwenye huruma kweli, hilo msimnyime.

"Mungu asifiwe," alisema. "Nilikuwa nashindwa kulala juu ya ile."

Shefu akaweka sahihi. Mlango wa jeep ukafunguliwa, Hénoc akashuka akipepesa macho kwa jua, na Daniella akaweka beseni chini akaenda kumpokea. Alipita mbele ya Léonard bila kugeuza shingo.

Jina la Ministre lilikufa siku hiyo. Akisema mvua inakuja, walimwambia ametunga. Akisema umeme utarudi saa nane, walicheka na kumuuliza ni redio gani imesema. Wakati wa kungoja, wasichana walitazama video kwenye simu zao na wakubwa walizungumza mambo ya arusi. Léonard alizunguka mashine, akafagia palipokwisha kufagiwa, akakaza bolti zilizokazwa. Hakuweza kuwaambia ukweli. Jina la Hénoc lilikuwa bado kwenye faili ile. Hénoc mwenyewe alimwamkia kila asubuhi kwa adabu, akapita.

Majuma mawili baadaye, mchana, umeme ukiwa mwingi na mstari umekwisha, Daniella aliingia na beseni lake. Léonard alimimina mahindi, mashine ikanguruma mpaka bati za paa zikatetemeka. Mwanamke yule hakurudi nyuma kungoja kama wengine. Alikuja ubavuni kwake, akasogeza mdomo sikioni.

"Mama yangu aliitwa Masika," alisema. "Kaka zangu ni Paluku na Muhindo. Usije ukasahau hii."

Akaendelea. Alimwambia ilikuwa siku ya soko. Alimwambia Muhindo alivaa viatu vipi na alikuwa anacheka nini asubuhi ile. Alimtajia majirani, nyumba kwa nyumba, na mtoto wa miaka minne ambaye yeye ndiye aliyemsuka nywele jana yake. Hakulia na hakuharakisha. Kwa kelele ile, mtu aliyesimama mlangoni asingesikia hata neno. Mahindi yakaisha kwenye mdomo wa mashine, na mashine haiachwi ikasaga hewa, kila msagishaji anajua inajila yenyewe. Léonard aliiacha isage hewa, kwa sababu Daniella alikuwa hajamaliza.

Alipomaliza alijitwisha beseni la unga, bunga kama tusemavyo sisi wa hapa, akatoka. Mlangoni alipishana na Mama Lydie, aliyekuwa ameleta mandazi yake na kusimama pale muda wote. Mama Lydie alisubiri mashine izimwe, kisha akauliza yule mama wa nyuma alikuwa anamwambia habari gani ndefu namna ile.

Léonard alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili.

"Ilikuwa ya bunga tu," alisema.