Tairi Lililokaa Sawa

Matairi mawili mapya yalifika Soni yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani, yametoka Dodoma kwa basi. Mke wangu ndiye aliyeyatuma. Alikuwa ameondoka nyumbani kwa miezi mitatu, kwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua, na miezi mitatu ile ikageuka miaka miwili. Mtoto aliota meno, akatambaa, akatembea, na kila alipoanza jambo jipya bibi yake alihitajika zaidi. Mimi nilibaki huku juu, upande wa Vuga, mwalimu mstaafu mwenye kuku wanne. Kila jioni nilikosea kipimo cha unga nikasonga ugali wa watu wawili, na kuku wakanenepa kwa upweke wangu.

Niliyapokea matairi yale kama mtu anavyopokea barua. Saizi ishirini na nane siku hizi haipatikani ovyo. Watu wanapanda bodaboda, na fundi wa baiskeli pale Soni amegeuka fundi wa pikipiki. Ina maana mke wangu alihangaika kuyatafuta. Tena wiki ileile alipiga simu kusema Ijumaa atashuka kwenye basi Mombo, kule chini ya milima. Nikajumlisha, maana nilifundisha hesabu maisha yangu yote: mtu hatumi matairi kwenye nyumba ambayo hataki kuirudia. Kama anakuja kukaa au kutembea tu, sikumuuliza. Niliogopa jibu, kwa hiyo nikaenda kutafuta spana.

Baiskeli yenyewe ni kongwe kuliko ndoa yetu. Ina fremu nyeusi nzito, breki za vyuma, na ringi za chuma zilizoota kutu. Ya nyuma ina kibonyeo cha siku nilipogonga ukingo wa daraja nikijionyesha kwa msichana ambaye baadaye alikubali kunioa, ndivyo anavyopenda kusema yeye. Katika milima hii baiskeli ni ya nusu safari. Kushuka inakusukuma, kupanda unaisukuma. Wakati wa uchumba wetu tulikuwa tukiisukuma pamoja, mimi usukani, yeye keria, na sikuwahi kulalamika kwamba mlima ni mrefu.

Kufunga tairi jipya kwenye ringi ya namna ile, nyumbani kwetu, ilikuwa kazi ya watu wawili. Yeye alikaa kwenye kigoda akaibana ringi kwa magoti, mimi nikasukuma tairi kwa vidole gumba, nikianzia upande wa pili wa valvu na kumalizia kwenye valvu. Pembeni mwa tairi, karibu na ringi, kuna mstari mwembamba unaozunguka. Ukionekana sawa pande zote, tairi limekaa. Ukizama mahali na kupanda mahali, tairi lina nundu, na nundu hiyo utaisikia mpaka kwenye meno ukishuka kwenda Mombo. Aliyeusoma mstari alikuwa yeye. Alipitisha kidole taratibu, macho ameyaelekeza kwingine, akisema, "Hapa limezama. Hapa limepanda. Toa upepo, tuanze upya." Nami nilinung'unika, nikatoa upepo.

Jumatatu nilianza peke yangu. La mbele halikunisumbua sana. La nyuma ndilo lililonitoa jasho. Nikisukuma huku, linatoka kule. Nilichukua vijiko viwili vya jikoni nikavitumia mipini yake kulipenyeza, na vyote viwili vikapinda. Zamani vijiko vingeniletea kesi ya siku nzima. Nilivitazama, nikasubiri kelele, nyumba ikanyamaza. Nakiri kwamba nililia kidogo, kwa ajili ya vijiko.

Jumanne jirani yetu, mama mmoja anayepita kila asubuhi na mzigo wa majani ya ng'ombe, alisimama uani. Alinisalimu kwa Kishambaa, kisha akahamia Kiswahili, kile cha kunitania kwa sababu nilikuwa mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nitue majani nikushikie?"

"Marahaba. Nitaweza."

"Unaweza, ila tairi halijui."

Aliondoka akicheka. Angenishikia vizuri tu, ana magoti yenye nguvu kuliko yangu. Lakini kile kigoda kilikuwa na mwenyewe, na sikutaka mtu mwingine akikalie siku tatu kabla mwenyewe hajarudi. Huo ndio ujinga wangu, nao sijauacha.

Jioni ile nikafunga upande mmoja wa tairi kwa mipira ya kufungia mizigo ili usichomoke, nikalisukuma likaingia. Nikajaza upepo, nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikashika kijiti cha ufagio kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu, na kuzungusha gurudumu. Kijiti kiligusa, kikaacha, kikagusa. Nundu ilikuwa palepale kwenye valvu. Nikaanza upya, nundu ikarudi.

Jumatano nikamkumbuka anavyosema, "Sukuma kichwa cha valvu ndani kwanza, tyubu imebanwa." Maneno hayo aliniambia mara nyingi, nami sikuwahi kuyahitaji kwa sababu alikuwepo wa kuyasema. Nikasukuma valvu. Nikapaka povu la sabuni ya kufulia mzunguko mzima, nikajaza upepo kidogo, nikalikanda tairi kama unga, nikajaza tena. Kisha nikafumba macho nikapitisha kidole juu ya mstari. Ulikuwa sawa, hata pale kwenye kibonyeo. Kijiti cha ufagio kililia sauti moja bila kukatika. Nilifurahi, nikageuka kumwonyesha mtu, na hapakuwa na mtu.

Ijumaa nilishuka. Sikuyajaza matairi mpaka mwisho, maana kosa la watu wa milimani ni kujaza upepo kwenye baridi ya kwetu, kisha joto la Mombo likampasulia mtu tairi mbele ya umati. Nilivaa shati la kanisani. Kila kona nilijiambia kwamba leo tutapanda pamoja, baiskeli juu ya gari, sisi ndani, na kesho kigoda kitapata mwenyewe.

Basi liliposimama nilimwona mke wangu anashuka, akiwa amenenepa kidogo na kupendeza. Nikatazama mkono wake. Alibeba mfuko mmoja mdogo, ule wa nguo za siku chache. Nikasubiri kondakta afungue buti atoe sanduku. Kondakta alipiga ubavu wa basi, basi likaondoka.

"Pole na safari, mama."

"Nimeshapoa, mwalimu. Ndiyo hayo matairi?"

Alichuchumaa palepale kwenye vumbi. Akainua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, akapitisha kidole kwenye mstari, taratibu, akitazama barabara. Kidole kilizunguka mara mbili.

"Limekaa. Umefunga na nani?"

"Peke yangu."

Alisimama akakung'uta kanga. "Ndiyo maana niliyatuma," alisema. "Nilikuwa nawaza utajifikishaje sokoni. Sasa hata nikikaa kule, sitakuwa na wasiwasi."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku tatu nilikuwa nimehangaika kumtengenezea ushahidi kwamba hahitajiki.

Alikaa siku tisa. Alinyoosha vijiko, akanigombeza, akapika, akakalia kigoda akichambua maharage. Siku ya kumi nilimsindikiza.

Wiki iliyofuata alipiga simu. Nyuma yake mjukuu alikuwa akidai kitu kwa sauti ya bosi.

"Matairi vipi?"

"La nyuma limeanza kuruka," nikasema. "Lina nundu. Naona linataka mtu wa upande wa pili."

Nilimsikia akimwambia mjukuu angoje.

"Toa upepo," akasema. "Paka povu. Halafu usisahau, sukuma valvu kwanza."

Nikasema nitafanya hivyo. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta mbele yangu, na mstari wa tairi la nyuma ulionekana sawa pande zote.