Saluni ya Bluu na Gari la Viti Saba

Mwaka tulioamua kununua gari la familia ndio mwaka ambao familia yangu iliondoka Dodoma. Sisemi kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Nasema tu kwamba yalikwenda pamoja, na mpaka leo siwezi kulikumbuka moja bila la pili kuja nyuma yake.

Nilikuwa mpima ardhi. Serikali ilinipunguza kazini pamoja na wenzangu wengi, wakati ule ofisi zilipokuwa zikipunguza watu na biashara zikifunguliwa kwa kila mwenye kuthubutu, na kwa miezi kadhaa nilidhani mambo yangu yamekwisha. Kumbe watu walikuwa wanataka viwanja. Wafanyabiashara, watumishi waliohamishiwa Dodoma, wastaafu, wote walitaka mtu wa kuwaonyesha mpaka wao unaishia wapi. Nikanunua vyombo vya kupimia vilivyokwisha tumika, nikaanza kuzunguka na pikapu kuukuu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Baada ya miaka michache tulikuwa na nyumba Area D, watoto wawili, msichana wa miaka kumi na moja na mvulana wa minane, na akiba ya kutosha kununua gari moja zuri.

Siku hizo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanashushwa bandarini kwa wingi, na mtu ambaye jana alikuwa anangoja kibali sasa aliweza kuchagua hata rangi. Mwenye yadi mmoja wa Dar es Salaam alitutumia picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya saluni, gari la chini la viti vitano, ya bluu iliyokoza, fupi, pana mabegani kama mcheza ngumi, viti vya ngozi, injini ya mbio. Ya pili ilikuwa ya gari refu jeupe, lile la aina ambayo watu walikuwa wameanza kuiita shangingi, lenye magurudumu makubwa na viti saba katika safu tatu. Bei zake zilikaribiana sana, kwa hiyo hatukuweza kujificha nyuma ya bei. Ilibidi tuseme tunataka nini.

Mimi nilitaka saluni. Sina haja ya kuficha. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote ya kazi juu ya pikapu na baiskeli, kwenye vichaka vya miiba, na nilitamani angalau mara moja kukaa katika kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya shida.

Mke wangu alikuwa muuguzi, mtu asiyepandisha sauti. Aliziangalia zile picha jikoni huku akichagua mchele.

"Hili la chini litamchukua mama yako?" aliuliza.

"Kwa nini lisimchukue?"

"Kwake kuna korongo. Nalijua mimi, nimelivuka kwa miguu na mtoto mgongoni."

Mama yangu aliishi kusini ya mji, upande wa Mvumi, katika kijiji ambacho ili kukifikia lazima uvuke korongo la mchanga. Kiangazi ni mchanga mtupu, masika ni maji. Pikapu ililivuka kwa kulalamika.

"Halafu wadogo zangu wakija," aliendelea, "na magunia ya uwele, na watoto wanakua. Gari la familia ni lile la juu. Hili jingine ni la kwako."

Hakulisema kwa ubaya. Mvulana alikuwa upande wangu, msichana upande wa mama yake, na kwa wiki kadhaa nyumba ilikuwa na vyama viwili. Tulibishana kwenye chakula, tukabishana tukitoka kanisani. Nikikumbuka sasa, naona zile zilikuwa siku nzuri.

Tulikwenda Dar es Salaam, mimi na yeye, kuyaona magari yenyewe. Muuzaji alituacha tukae ndani yake kadiri tulivyotaka. Niliwasha saluni nikaizungusha barabarani, na ilikuwa kama nilivyofikiri, ilitii kabla sijamaliza kuiamuru. Niliporudi sikumwona mke wangu. Alikuwa ndani ya lile gari jeupe, safu ya mwisho kabisa, amekaa na mkoba wake mapajani kama abiria anayengoja safari.

"Mbona umekaa huko nyuma?"

"Najaribu," alisema. "Siku nitakapokuwa bibi, nitakaa hapa. Wajukuu wakae pale katikati niwaone."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha shindwa. Nilimwambia muuzaji tutachukua jeupe, atupe wiki mbili tukamilishe mambo ya benki. Njiani kurudi Dodoma mke wangu alilala begani kwangu kuanzia Chalinze mpaka Gairo.

Barua tuliikuta nyumbani. Miezi mingi nyuma, yeye na wenzake wa hospitali walikuwa wameomba kazi Botswana, ambako wauguzi wa kwetu walikuwa wanahitajika. Wote waliomba, karibu kama mzaha, na mimi nilikuwa nimesahau. Sasa alikuwa amekubaliwa: mkataba wa miaka mitatu, nyumba, na shule ya watoto. Mshahara wake ungekuwa mara kadhaa ya ule wa hapa.

Tulizungumza siku tatu. Mimi ndiye niliyemwambia aende, na awachukue watoto, maana shule za kule zilisifika na mimi kazi yangu ilikuwa ya porini, ningewaachia nani? Nilizungumza vizuri mpaka nikajishangaa. Yeye alisikiliza, akauliza maswali ya vitendo: nani atafua, nani atakwenda kumwona mama. Mwisho wa siku ya tatu alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Sasa chukua unalolitaka," alisema.

"Ninalolitaka lipi?"

"Gari. Chukua lile unalolitaka."

Neno hilo nimeligeuza kichwani kwa miaka. Huenda lilikuwa ruhusa, huenda lilikuwa kwaheri, huenda alikuwa amechoka tu na vyombo. Waliondoka mwaka uleule, mwezi wa kumi na mbili. Muuzaji alikuwa ameniongezea muda, na nilipokwenda kulipa, nilisimama yadini kati ya magari yale mawili, nikafungua mlango wa lile jeupe, nikavihesabu viti. Sita vingekuwa vitupu kila siku ya Mungu. Watu walidhani nilinunua saluni kwa majivuno, na sikuwahi kuwakatalia. Ukweli ni kwamba niliogopa vile viti.

Nilirudi nalo peke yangu. Baada ya Dumila lami ilinyooka, nikakanyaga mafuta, na kwa muda wa dakika kumi hivi nilifurahi kabisa, furaha ya mwili, kama ya mtoto kwenye bembea. Kisha nikageuza kichwa kushoto nimwambie mtu.

Majirani wa Area D walikuja kulitazama. Mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye babu zake walifika huku na misafara ya biashara na ambaye hakuwahi kusifu kitu cha mtu, alilizunguka mara mbili akasema, "Hili gari lina adabu." Wiki iliyofuata hapakuwa na wa kulitazama. Kazi nilifanya kwa pikapu ileile, kwa sababu saluni haingeweza kwenda kwenye viwanja. Jumapili baada ya ibada niliiosha, nikaiendesha mpaka Chamwino, nikageuza, nikarudi. Sikuwa na ninachokwenda kukifanya Chamwino. Nilikunywa soda, nikaangalia mabasi ya Dar es Salaam yakipita, nikarudi nyumbani kupika ugali wa mtu mmoja, ambao nilikuwa bado sijajua kuukadiria.

Kwa mama nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Ningeweza kwenda kwa pikapu, lakini nilitaka alione gari. Basi nililiacha ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyefahamiana na mama, nikatembea dakika arobaini kwenye mchanga na viatu mkononi. Mama alinipokea kwa "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, halafu akatazama nyuma yangu.

"Liko wapi?"

"Ng'ambo."

"Kwa nini hukulivusha?"

"Ni fupi, mama. Tumbo lingegusa mchanga."

Akafikiri kidogo. "Umenunua gari, unatembea kwa miguu," alisema, si kwa kunisimanga, bali kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa. Kisha akaniwekea mlenda.

Mwezi wa nne au wa tano wa mtindo huo, nilifika korongoni nikamkuta yeye ndiye ameketi pale kwa yule mzee. Nyonga yake ilikuwa mbaya, hakuweza kutembea mbali. Alikuwa ameomba mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, akaweka majani na kanga juu yake, akavushwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Nimekuja kuliona," alisema.

Tulimkalisha kiti cha mbele, mimi na yule mzee. Gari lilikuwa chini sana, ilibidi tumshushe polepole kama mtu anayeshushwa kisimani, na nikakumbuka kwamba katika ubishi wetu wote hakuna aliyeifikiria nyonga ya mama. Lile la juu asingelipanda, na hili la chini ilikuwa taabu kulikalia. Alipapasa ngozi ya kiti. Aligeuka akaangalia nyuma.

"Watoto walikuwa wakae pale?"

"Ndiyo."

"Twende," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwako."

Alikaa nami siku tatu. Nilimpa chumba cha watoto. Siku hizo sikwenda kazini. Tulikaa kibarazani tukachambua kunde, akanieleza habari za ndugu ambao nilidhani walikwisha kufa na wengine nilidhani wako hai. Nilidhani amefurahi, nikaanza kupanga moyoni namna ya kumwambia abaki. Asubuhi ya tatu nilimkuta amefunga kanga zake.

"Nirudishe, mwanangu."

"Kuna kitu nimekukosea?"

"Hujanikosea." Alitazama ukumbi. "Nyumba yako ina vitanda vingi. Usiku naamka nasikiliza, hakuna anayekohoa. Kwangu kuna hata mbuzi."

Nilimrudisha mpaka korongoni. Kumtoa kwenye kile kiti kulihitaji watu watatu, na yeye akicheka muda wote.

Mke wangu na watoto walikuja likizo baada ya mwaka na nusu. Msichana alikuwa amerefuka. Alipokaa nyuma, magoti yake yaligusa kiti changu, nikayasikia mgongoni safari nzima kutoka Dar es Salaam. Mvulana alizungumza na dada yake kwa Kiingereza, kisha wakikumbuka wakarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. Ili wote tufike kwa mama, tulikodi gari la juu lenye magurudumu makubwa, jeupe vilevile. Mke wangu alipanda bila kusema neno. Ningependa angesema.

Siku moja wakati wa likizo hiyo alinyoosha mkono akaomba funguo, anataka kwenda sokoni.

"Utaendesha wewe?"

"Nilijifunza."

Nikakaa upande wa abiria, mahali ambapo sikuwahi kukaa katika gari langu mwenyewe. Aliendesha vizuri, kwa mikono miwili, akaangalia kioo kila mara, akaegesha kwa mara moja, bila kurudia. Nilimuuliza alijifunzia gari la nani.

"La kwangu. Nilinunua dogo tu, la kunifikisha kazini na kuwapeleka watoto shule."

"Ulilichaguaje?"

"Sikuchagua. Mwenzangu wa wodini alikuwa anauza. Nilikwenda jioni nikalichukua."

Wiki zote zile tulizobishana jikoni zilinipita kichwani. Hakunificha kitu, katika simu za dakika chache tulizopigiana kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na hilo halikupata nafasi. Nilimuuliza ni la rangi gani. Akasema la kijivu, kisha akashuka kununua nyanya.

Mkataba wake uliongezwa mara mbili. Mama alifariki katikati ya ule wa pili, na wao walifika siku moja baada ya mazishi. Saluni niliiuza kwa mtu aliyeikodisha kwa maharusi. Mke wangu alirudi, tukaishi tena pamoja, kwa adabu mwanzoni, kama wapangaji wawili, kisha vizuri zaidi. Watoto hawakurudi, isipokuwa kwa ziara.

Lakini siku inayonijia zaidi ni ile ya mwisho wa likizo ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyeendesha mpaka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwa sababu mimi nilikuwa na homa kidogo, au nilisema nina homa. Niliwasindikiza mpaka pale asiyesafiri anapozuiwa. Watoto walinipungia mkono, mvulana akageuka mara mbili, msichana mara moja. Nikarudi kwenye maegesho, nikafungua mlango, nikaingia, magoti yakagonga usukani.

Alikuwa amekisogeza kiti mbele kwa kimo chake. Kwenye kiti palikuwa na kitufe. Ningekibonyeza tu, kiti kingerudi nyuma chenyewe. Sikukibonyeza. Niliwasha gari nikatoka hivyo hivyo, nimejikunja, kifua karibu na usukani. Pale Chalinze askari wa barabarani alinisimamisha, akainama dirishani, akanitazama nilivyokaa.

"Mzee, uko salama?"

"Salama."

"Mbona umejibana hivyo?"

Nilimwambia kiti kimekwama. Akaniruhusu. Niliendelea hivyo mpaka Morogoro, ambako miguu ilikufa ganzi nikashindwa kukanyaga breki sawasawa. Nikaegesha kando ya wauza machungwa, nikanunua mawili nisiyoyataka, nikakirudisha kiti nyuma.