Mchakamchaka Ulionifunga Mdomo

Kina mama wenzangu, mchungaji ameniomba niwaandikie niliyoyapitia. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msitegemee mapambo.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mke kijana, mwenye mapafu ya kukimbia. Sisi wanawake wa mgambo tulikimbia mchakamchaka kila asubuhi. Tunapanda kilima cha juu ya kijiji chetu cha Mgwashi, tunauzunguka msitu wote, tunatokea tena penye ofisi ya kijiji. Njia ni mizizi na utelezi, ukungu hadi magotini, nasi peku. Nilipenda. Kwenye mteremko hakuna aliyenipita, hata wanaume.

Siku moja tukakuta njia imefyekwa, visiki vya miti ya miwati vimechongoka. Kimoja kikaniingia unyayoni, nikakisikia kikigusa mfupa. Nikauchomoa mguu, nikamaliza mzunguko nikiimba. Ujinga, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Nyumbani mama mkwe akanishindilia mavi ya ng'ombe na masizi, akafunga kitambaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga wetu na mtu wa vidonda, hakuna aliyembishia. Juu kidonda kikafunga. Ndani kilikuwa kinanuka.

Baada ya kama wiki niliamka taya zimekaza. Mama mkwe akapita uani, ikanipasa kumwamkia. Shikamoo haikutoka. Nilitoa mguno tu, kama ndama.

Akasimama. "Leo mimi si wa kuamkiwa?"

Mchana ugali wake haukupita kwenye meno. Akamwambia Yohana, mume wangu, kwamba mgambo umenitia kiburi, siamkii wala sili chakula chake. Yohana akanigombeza. Machozi yananitoka, lakini uso umevutika, meno nje.

"Tena unacheka," akasema.

Jioni mgongo ukapinda kama upinde, mkekani nimegusa kwa kisogo na visigino tu. Hapo ndipo Yohana aliponielewa, akakimbia kuita watu.

Walionibeba kwa machela hadi hospitali ya Bumbuli ni wanaume wale wale wa mchakamchaka. Kila mmoja wao alipojikwaa, mwili wangu ulikakamaa. Niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni na pa kuitemea hapakuwa. Mkojo ulinitoka mbele yao. Na akili ninayo yote. Ugonjwa huu haukupi hata kuzimia.

Hospitali wakaniweka chumba cha giza, dirisha limezibwa kwa shuka. Wauguzi walitembea bila viatu. Sufuria ikianguka huko nje, mbavu zangu zinataka kuvunjika. Uji ulipita kwenye mpira puani. Niliwasikia ndugu mlangoni wakinong'ona nizikwe wapi. Sitawadanganya, niliomba nife.

Sikufa. Taya zilipolegea kiasi cha kupitisha kijiko, daktari akawaita mume wangu na mama mkwe kitandani. Akasema hii ni pepopunda, inaingia na uchafu, na mavi ya ng'ombe ni nyumba yake.

Mama mkwe alikuwa amefunga mikono ndani ya kanga. Akauliza taratibu, "Na kwenye kitovu cha mtoto?"

"Huko ndiko inakoua zaidi, mama."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtoto wangu wa kwanza aliacha ziwa kabla hajatimiza wiki mbili, akakakamaa kama kijiti, akafa, tukasema ni jicho baya. Aliyemkata kitovu na kukipaka mavi hayo ni mama mkwe. Alikuwa amewapokea watoto wa karibu kijiji kizima.

"Ni wangapi?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nilirudi nyumbani na mkongojo. Msitu sikuuzunguka tena, unyayo haukukubali. Mama mkwe aliendelea kuzalisha, kwa wembe mpya na uzi uliochemshwa, kitovu kikavu, na bibi yeyote aliyekuja na dawa yake ya kupaka alimtoa nje kwa fimbo. Msamaha hakuniomba, nami sikuudai. Ila kuna nyumba alizozipita akitazama chini hadi alipokufa.

Namshukuru Mungu, na mabega ya wale wanaume. Nanyi mkichomwa, hata na mwiba, osheni kwa maji na sabuni, mwende kuchomwa sindano siku hiyo hiyo. Mtu akishindwa kufungua mdomo, msimtafutie kosa, mbebeni. Mwenye mimba akachomwe ile ya pepopunda. Bega litauma siku mbili.

Acha liume.