Niliposema Watakunywa Mshahara

Ipo siku moja ya ujana wangu isiyonitoka, mwanangu. Jana ulipokuwa unabishana na wenzako, huyu akitaka mshahara wa chini upandishwe, yule akitaka kila raia apewe kitu kidogo kila mwezi, awe na kazi au asiwe nayo, ulicheka ukasema maskini akipewa atalala. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa hapa Bukavu, enzi za Zaïre. Nilikuwa nimetoka masomoni juzi tu, nina abakosti mpya, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, nimepata kazi ofisini katika kiwanda cha sabuni. Wafanyakazi waliitisha mkutano. Mama Nsimire, mfungaji sabuni wa miaka mingi, akasimama, akamwita mkurugenzi raia, kama tulivyoamriwa kuitana enzi hizo.

“Citoyen Directeur, tunatoka Bagira na miguu. Tunaomba tu mushahara itoshe kula na kupanda bisi.”

Mkurugenzi akanigeukia nijibu. Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikawakejeli kwa pombe ya ndizi na utoro wa Jumatatu, nikasema, “Mukiongezewa mutakunywa kasiksi, na lundi hakuna mutu atakuja ku kazi.”

Mkurugenzi alicheka peke yake. Mama Nsimire alivuta kitenge chake mabegani, akaketi.

Nyumbani kwetu pia ni Bagira, na mtaani humo maneno hayalali njiani. Jumapili, baada ya misa, nilimkuta baba ameketi mezani, bugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, mbele yake. Alikuwa amebeba magunia ya kahawa maisha yake yote, na mgongo haukunyooka tena.

“Wakati ulikuwa unaenda ku masomo, asubui ulikuwa unakula?” akaniuliza.

“Ndiyo, papa.”

“Mimi nilikuwa nabeba magunia na tumbo tupu. Ulisha kuniona mulevi?”

“Hapana, papa.”

“Basi wale walevi ulisema, ni baba ya nani?”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wazee walisema, lakini mimi kitanda kile nilizaliwa juu yake, nikakisahau.

Kesho yake nilimwendea mkurugenzi, nikamwambia nilisema nisiyoyajua. Hakuwa mtu mbaya, usimhukumu haraka. Alisema mawese yamepanda bei, akiongeza mishahara sabuni nayo itapanda, na wanunuzi ni walewale. Miaka ile pesa yetu ilikuwa inayeyuka mkononi, kwa hiyo hakusema uongo. Nikamsihi ajaribu kwa wafungaji sabuni peke yao. Alikubali kwa sharti moja: wakianza kukosa kazini, nami niondoke nao.

Jumatatu ya kwanza baada ya nyongeza nilisimama getini tangu alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, matope ya milima yetu unayajua. Bisi ikasimama, akashuka Mama Nsimire, nguo zake kavu, kisha wenzake mmoja mmoja. Wote walikuja isipokuwa mwanamume mmoja, na huyo, wenzake walikiri, alikuwa amelewa.

“Umeona?” mkurugenzi akaniambia alipopewa habari. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza anafika, mvua imeshakatika na jua limeshapanda.

“Mumoja, Citoyen. Na ku ofisi yetu, lundi tunachelewa wangapi?”

Alitazama saa yake, nikajua kazi imekwenda. Kisha akaingia ndani. Mwisho wa mwezi nyongeza ilifika kwa wafanyakazi wote wa kiwanda. Haikudumu, bei ziliila, tukarudi kuomba tena. Lakini miezi ile watu hawakusinzia tena kwa njaa na uchovu kwenye mashine.

Niliomba radhi mbele ya wafanyakazi walewale. Mama Nsimire akasema, “Tulisha kukusamehe. Ilituuma tu sababu uko mutoto wetu.”

Mwanangu, sikuambii ni jambo jepesi. Pesa inatoka wapi, bei zitafanya nini, hayo ni maswali ya haki, yabishanieni. Ila usianze na dharau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kibaya zaidi ni kwamba hata aliyeijua njaa huisahau upesi sana. Kabla hujasema maskini atafanya nini na riziki yake, kaa naye, muulize, umsikilize mpaka amalize.

Mungu akupe kazi yenye heshima, akupe na moyo wa kumtakia mwenzio kama hiyo. Mkono wako usipungukiwe, wala usifungike. Nenda na amani.