Siku Tuliyobadilishana Bunduki

Watu wanaopenda risasi nene mimi huwajua kabla hawajafungua mdomo. Ni watu wa kupiga meza. Wanapenda mshindo, wanapenda bega liume, wanadhani mnyama hufa kwa kuogopa kelele. Kaka yangu alikuwa mmoja wao, na kwa kuwa alizaliwa mbele yangu, bunduki nene ilikuwa yake na nyembamba ikawa yangu.

Hazikuwa zetu hasa. Zote mbili zilikuwa mali ya injinia mzungu aliyesimamia kambi yetu, kaskazini ya Kamina, miaka ile reli ilipokuwa ikisogezwa mbele. Sisi wawili tulikuwa wawindaji wa kambi, kazi yetu kuwapatia wafanyakazi nyama. Zilikuwa bunduki za zamani za Kijerumani, na kwa nje zilifanana kama ndugu: unainua mkono wa chuma, unauvuta nyuma, unausukuma mbele, risasi imeingia. Tofauti yake ilikuwa tumboni. Ya kaka ilikula risasi za milimita tisa na kitu, nene na butu, ambazo kambini ziliitwa neuf-trois, yaani tisa-tatu. Yangu ilikula za milimita saba, nyembamba na ndefu. Ziliitwa sept tu, yaani saba.

Nimezitumia zote mbili, kwa hiyo nina haki ya kusema. Nene humwangusha mnyama hata ukikosea kidogo, ila inamharibu. Bega zima la swala linageuka damu iliyoganda, na mama alikuwa akiitupa nusu ya nyama kwa mbwa. Nyembamba haina fujo. Inapita mfupa ikiwa imenyooka na kuingia ndani kabisa. Lakini haisamehe. Iweke nyuma ya mkono wa mbele, kiganja kimoja juu ya kiwiko, na mnyama atatembea hatua chache kisha alale. Iweke pengine, ataondoka nayo, na wewe utabaki umeshika bunduki. Mwenye nyembamba hujifunza kungoja, na mimi nilijua kungoja. Kaka hakujua.

Mama yetu, aliyekuwa mjane na akiishi nasi kambini, alizijua bunduki zile kwa sikio. Akiwa shambani na mihogo yake alisikia mlio, akasema nani amepiga. Ukiwa mlio mkavu wa nyembamba, alikwenda kubandika maji. Ukiwa ule mzito wa nene, aliendelea kulima, akisema huyo atapiga tena. Wanawake wa kambi walicheka sana. Kaka hakucheka, na sasa nafikiri hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Asubuhi moja tulipokuwa uani tukifuta bunduki, alinyoosha mkono.

"Leta ile ya sept," alisema. "Leo minyi nitabeba ya kwako, weye ubebe ya kwangu. Tutaona kama ni bunduki njo inaua ao ni muntu."

"Yaya, Bwana alikataza," nilimjibu, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

Ni kweli injinia alikuwa amekataza. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi ya ruhusa, na kila karatasi ilitaja bunduki moja. Kaka akasema injinia hatembei nasi porini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Alitugombeza, akasema vitu vya wenyewe havichezewi. Tulibadilishana mbele ya macho yake, tukaondoka.

Tuliachana kwenye njia ya kwenda bonde la Lovoi. Mimi nilishika msitu, kaka akashika dembo, yaani lile bonde la majani lenye maji ambamo nyati hupenda kulala. Kabla ya adhuhuri nilipata korongo dume, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, nikampiga risasi moja tu. Alianguka palepale, bega langu likauma siku mbili. Nakiri nilifurahi. Upande wa dembo nilikuwa nimesikia mlio mmoja mkavu, halafu kimya.

Nilimkuta kaka njiani akirudi mikono mitupu, uso umemshuka. Nilimuuliza amepiga nini.

"Nyati," alisema. "Nilikosa."

"Ulikosa kabisa? Hakuna damu?"

"Hakuna. Nilikosa, mudogo yangu. Ile kibunduki yako iko sawa fimbo."

Tukarudishiana bunduki. Kisha akaniomba jambo dogo: nimwambie injinia kwamba korongo ni wake, kwa kuwa jeraha lake ni la neuf-trois, na kwamba ile risasi moja ya sept iliyopungua, maana injinia alizihesabu, niliipiga mimi, nikakosa. Vinginevyo injinia atajua tumebadilishana, na sote wawili tutafukuzwa. Niliona ni haki. Jioni ile nilisimama mbele ya injinia na kusema kwa mdomo wangu: nilimpiga nyati kule dembo, nikakosa. Hakuna aliyenilazimisha. Mdomo uliponza kichwa.

Kesho yake asubuhi kantonye wetu, yule mfanyakazi aliyetembea na reli kila siku akikaza skrubu, alipita karibu na dembo ile. Nyati alitoka majanini, akampiga pembe. Wafanyakazi wenzake walimbeba hadi kambini nyonga ikiwa imevunjika, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amekufa. Nilimjua vizuri. Mke wake alichota maji pamoja na mama.

Injinia na kaka walimfuata nyati yule, wakamuua, na nyama ikaletwa kambini kwa gari la reli. Walipompasua mbele ya watu wote, ndani ya tumbo, katikati ya majani aliyokula, kukatoka risasi. Injinia aliiosha kwa maji, akaiweka kiganjani. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imepinda kidogo tu. Hata watoto waliijua. Aliyeipiga alipiga tumboni, na aliyepiga tumboni huona mnyama anavyojikunja. Hawezi kusema amekosa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kwetu, mwenye damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama. Hata wawindaji kumi wakimmalizia, paja la nyuma ni la yule aliyemtoa damu kwanza. Lakini mwenye mnyama ana deni lake pia. Akimjeruhi lazima amfuate, usiku na mchana, kwa sababu chochote mnyama huyo atakachofanya ni kama amekifanya yeye. Kaka aligombania damu ya kwanza maisha yake yote. Aliwahi kumkunja mtu shati kwa ajili ya ngiri. Siku ile alisimama karibu na kichwa cha nyati na kuangalia viatu vyake.

"Njo weye ulisema ulikosa," injinia aliniambia.

Nikasema ukweli. Nikasema tulibadilishana bunduki, na korongo nilimpiga mimi. Injinia akamgeukia kaka.

"Hapana, Bwana," kaka alisema. "Minyi nilibeba ya kwangu. Uyu ni mudogo yangu, iko na woga tu."

Nilimtazama. Alikuwa amenifundisha kuvuta pumzi nusu kabla ya kufyatua, na kulala upande ambao upepo unanijia usoni. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikidhani ni maneno ya watu wenye ndugu wabaya.

Nikasema, muulizeni mama. Alituona uani. Tena alisikia milio kutoka shambani, wala hajawahi kukosea. Watu wakageuka, maana kila mtu kambini alijua sikio la mama. Mke wa kantonye naye alikuwepo, amekaa chini, ameshikwa mabega na wanawake wawili, naye pia akageuka.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake. Hakuniangalia.

"Mambo ya bunduki minyi siyue," alisema. "Bote mbili balitoka na bunduki. Minyi naona bunduki yote ni moja tu."

Ikawa imekwisha. Injinia alininyang'anya bunduki na karatasi yangu, akanipeleka kugonga kokoto za reli kuanzia kesho yake. Hilo nililimudu, mikono inazoea. Lililoniuma ni mke wa kantonye. Alinyanyuka, akaja mbele yangu, akanitemea mate kifuani, nami sikuyafuta. Ningeyafutaje? Kwa watu wote pale mimi ndiye niliyemjeruhi nyati, nikaenda kulala.

Jioni nyama ikagawanywa. Wengine walikataa kula mnyama aliyeua mtu, wengine wakasema nyama ni nyama. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu kaka alipokuja amebeba paja la nyuma begani. Aliliweka miguuni pangu, watu wakiona.

"Ni ya kwako," alisema. "Damu ya kwanza."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwambia alishe watoto wake paja lake, nami nipumzike. Lakini mama alikwishatoka na kisu. Alichuchumaa, akaanza kulitenga na mfupa, taratibu, kama nyama ya siku yoyote. Kaka aliondoka bila kuaga.

Nilingoja mpaka watu wakatawanyika. Kisha nikamuuliza mama kwa nini.

"Yaya yako iko na batoto sita," alisema, kisu hakikusimama. "Bakimufukuza, batoto batakula nini? Weye uko muntu moja tu."

Mama hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa ametupima wote wawili moyoni mwake, pale mbele ya watu, kwa muda wa kufuta mikono, na akaona ni nani anayeweza kupotea.

"Na ule muntu moja, mama," nikamwambia, "ni nani alimuzalaka?"

Alikata kipande, akakiweka kwenye sufuria, akakata kingine.