Kamera ya Msumarini

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya katikati ya miaka ya tisini, bibi mmoja kutoka Khayega aliingia studio nilimokuwa nikifanya kazi mjini Kakamega, akauliza kama picha ya maiti hulipiwa kabla. Nilimuuliza maiti yuko wapi.

"Ni mimi," akasema, akaketi.

Jumatatu angefanyiwa upasuaji. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, na hakutaka hiyo iwekwe juu ya jeneza. Aliifungua kwenye leso anionyeshe. "Hapa naonekananga kama mtu ameshikwa na ingokho ya jirani."

Nilitazama. Kweli, alikosa kuku tu mkononi.

Fundi, mwenye studio, alikuwa Butali kwenye harusi. Picha zake za sura zilitundikwa sebuleni mwa watu kuanzia Lubao hadi kwenye mashamba ya miwa, na ilisemekana ana mkono wenye baraka. Mimi sikushughulika na baraka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nilikuwa nimejifunza upigaji picha kwa vitabu vya mitumba, na kwa miezi minane nilisimama nyuma yake nikiandika daftarini umbali wa kiti, urefu wa taa, tundu la lenzi, kasi. Niliandika pia kwamba daima alianza na kamera kuukuu iliyoning'inia msumarini, akamaliza na ile ya kabatini. Nilidhani ya pili ni ya akiba.

Basi nikafuata daftari. Kukhu, kama tunavyomwita bibi huku kwetu, alikaa futi sita kutoka kwenye kamera ya msumarini, mikono magotini, amekakamaa kama anayeapishwa kortini. Nikapiga moja, mbili, tano. Kwenye ya saba akauliza kama mke wangu anajua nawakodolea wanawake macho hivi. Nikajibu sina mke.

"Ndiyo maana," akasema, akacheka. Shingo ikalegea, uso ukafunguka wote. Nikaendelea hadi kumi na mbili, akaenda zake ameridhika.

Fundi alirudi saa nane. Nilimsimulia kazi yangu kwa utaratibu, pamoja na vipimo. Akatazama msumari.

"Hiyo haina filamu," akasema. "Haijawahi kuwa nayo tangu niinunue. Hiyo ni ya kutolea watu woga."

Kitabu changu kilieleza wazi kwamba filamu ikiwemo, kitufe cha kuirudisha huzunguka kila unapoivuta. Sikukitazama kitufe. Nilikuwa nikiandika.

Nilikwenda Khayega papo hapo. Nilimkuta akifunga nguo za hospitali kwenye shuka, nikamweleza bila kupamba.

"Kwa hivyo nimecheka bure?"

Nikakubali kwamba ni bure. Alinifuata mjini, akaketi kwenye kiti kilekile bila kuelekezwa. Nilipoanza kupima futi sita, Fundi alinipokonya utepe, akanipa kamera ya kabatini.

"Piga kabla hasira haijamwisha."

Nilipiga mara moja tu. Kidevu juu, macho yamenikazia, kana kwamba mwizi wa kuku sasa ni mimi. Fundi aliisafisha Jumapili, na Jumatatu asubuhi Kukhu akaenda nayo hospitalini, ndani ya shuka lake.

Upasuaji ulikwenda salama. Picha ilikaa ukutani kwake miaka sita kabla ya kufanya kazi iliyoagiziwa, na muda wote huo aliwaambia wageni kwamba ile nzuri, ambamo alikuwa akicheka, niliipoteza mimi.

Vijana wanaotaka kupiga picha huniuliza nilijifunza nini kwa fundi mashuhuri kama yule. Nawapa daftari, nao hunakili vipimo vyote kwa bidii. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu msumari ulio ukutani mwangu, wala kamera inayoning'inia hapo.

Masomo hayo hayakunigharimu ada yoyote, ila Fundi alikataa kunirudishia nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi Khayega: shilingi arobaini.