Nilimutuma Kambale Beni, Teste Ilikuwa Butembo

Miye njo nilikosa. Miye, na kinywa yangu, na akili yangu muzima. Hata pombe sikukuwa nimekunywa! Nilisha kumuambia padri, mais bado iko nanichoma, donc acha nikuambie na weye mwenye uko nasoma.

Ilikuwa wakati ya vita, wakati Kinshasa ilikuwa imegeuka sawa inchi ingine kwetu batu ya Butembo. Miye na rafiki yangu Kambale tulisomea kurusha ndege kule Kinshasa. Tukarudia kwetu kwa congé, kupumuzika kidogo, vita ikafunga njia nyuma yetu. Bapilote babili bila ndege! Miye nikawa nauzisha viazi na mama. Kambale akawa natengeneza maradio.

Hakukuwa ndugu yangu wa tumbo moja, mais yeye njo alinifundisha yenye ba professeur balishindwa kunifundisha. Nilipogonjwa typhoïde kule, ni yeye alinibeba ku mugongo mpaka ku hôpital. Yule njo mutu nilimutendea vile.

Bon. Siku moja mukarani ya Hadji akanisimamisha mu soko. Hadji alikuwa muchuruzi mukubwa wa Beni, na dépôt, stoo yake ya chumvi, kwetu Butembo. Alikuwa amenunua ndege ya kizee ya kubeba mizigo, pamoja na commandant mu-Russe mwenye kuirusha.

"Banatafuta copilote mumoja," mukarani alisema. "Teste ya kupima bapilote ni kesho kutwa, saa tatu ya asubui, ku dépôt hapa Butembo. Ujulishe na Kambale, mukuje bote babili."

Mumoja! Ile neno iliniingia sawa muiba. Kambale alikuwa na masaa ya kuruka mingi kunipita. Nilijua tukisimama pamoja, batu hawatanitazama hata kidogo.

Nilimukuta amejifunga na waya za radio. Nikafungua kinywa, na uongo ikatoka yenyewe, laini, sawa iko na mafuta.

"Kambale, kazi imepatikana! Kesho kutwa saa tatu, kule Beni, ku uwanja wa ndege."

"Na weye?"

"Nitafuata na camion ya viazi."

Alinikumbatia. Eh Mungu wangu, alinikumbatia!

Na njia ya Beni ya ile siku, munaijua? Barrière kisha barrière, kila moja na basoldats yake, kila soldat na njaa yake. Nilijua. Nikamutuma tu.

Siku ya teste nilivaa chemise nyeupe yenye mama alipiga pasi mara tatu. Butembo yote ilikuwa mu ukungu, baridi nakata masikio, na miye nilikuwa nacheka peke yangu mu njia sawa mupumbafu. Hadji alikuwa anakaa juu ya mufuko wa chumvi, kofia nyeupe ku kichwa. Mu-Russe alikuwa anasimama pembeni, muzito sawa kabati.

"Wa pili iko wapi?" Hadji aliuliza.

Hapo ningeweza bado kujiokoa. Mais nilisema nini? "Alikataa, Hadji. Anaogopa vita."

Uongo ya pili, tena ya kumuchafua mutu!

Hadji akatikisa kichwa, akaanza teste. "Ndege imejaa kabisa, kilo zimetimia. Miye nasema tuongeze mifuko tano. Utajibu namna gani?"

"Tuongeze hata kumi, patron!"

Mu-Russe alinitazama, akatazama dari. Sikuelewa kintu. Nilifikiri nimewafurahisha!

Ukungu ulipopanda, tukaenda ku uwanja. Hadji akapanda nyuma, tasbihi mu mukono. Commandant akanionyesha kiti ya kuume, akasema na Kifaransa yake ya kuvunjika: "Weye, rusha."

Batu yangu! Nilikuwa nimemaliza miaka mbili bila kugusa usukani. Injini zilipolia, na miye nililia. Ile ndege ya kizee ikaruka mu udongo mwekundu, ikaacha batoto na mbuzi nyuma, ikapita mabati ya nyumba zote, na Butembo ikabaki chini sawa kintu mutu amesahau. Nikaanza kuimba. Kuimba! Wimbo ya misa, ya Pasaka, na sauti yote. Mu-Russe naye akacheka, akaanza kupiga goti yake na mukono. Nyuma, Hadji alipaza sauti: "Huyu copilote ni choriste?"

Sijakuwa tena na furaha ya ile namna, hata siku ya ndoa yangu, na bibi yangu asisome hii.

Kisha nikauliza, polepole: "Commandant, tunaenda wapi?"

"Beni. Kuchukua mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese."

Sikuimba tena.

Beni! Miye nilifikiri tunazunguka tu tunarudi. Nikaanza kusali ukungu ikuwe Beni. Haikukuwa. Jua ilikuwa inawaka pale sawa inalipwa. Na pembeni ya uwanja niliona alama nyeupe, peke yake. Tuliposhuka, ile alama ikakuwa mutu mwenye cravate ku shingo. Tulipogusa udongo, niliona kintu ingine: hakukuwa na viatu.

Ndege ilisimama, mulango ikafunguliwa, na Kambale akakuja mbio, miguu uchi, carnet yake ya masaa ya kuruka mu sachet mu mukono, meno yote inje.

"Ndugu yangu! Nilijua hutanisahau! Nimekaa hapa toka asubui, banasema hakuna teste, nikasema hapana, atakuja. Na umekuja kunichukua na ndege!"

Nilitazama miguu yake.

"Viatu iko wapi?" Hadji alimuuliza.

"Ku barrière ya pili, Hadji. Basoldats baliona ni muzuri."

"Na nani alikuambia teste ni Beni?"

"Ndugu yangu huyu."

Hadji alinigeukia polepole sana. "Huyu njo mwenye anaogopa vita?"

Yezu Maria! Niliona uso ya Kambale ikielewa. Haikukasirika. Ilizima tu, sawa radio yenye betri imeisha.

Hadji akamuuliza palepale, juu ya ule udongo, ile maneno ya mifuko tano. Kambale alifikiri, akasema: "Hapana, Hadji. Hata ukinifukuza, hapana."

Mu-Russe akapiga makofi. Hadji akaniambia: "Mutu mwenye anapoteza ndugu yake mu barabara, chumvi yangu ataiacha wapi?" Kisha akamuonyesha Kambale kiti ya kuume, yenye ilikuwa ingali na moto yangu.

Miye nilirudi Butembo nyuma, katikati ya bidons ya mafuta ya ngazi. Bidon moja ilikuwa inavuja. Chemise nyeupe ya mama ikakuwa nyekundu mpaka ku mukanda. Na nikuambie ukweli: Kambale, miguu uchi, alitua ile ndege ku Butembo hata sikusikia magurudumu yakigusa! Nikajikuta napiga makofi peke yangu kule nyuma, machozi nashuka, mafuta nashuka, nacheka. Nilikuwa na haya, mais ilikuwa muzuri sana!

Kambale alirusha ile ndege mpaka vita ikaisha. Miye sikugusa tena usukani, juu bachuruzi bote balisikia habari yangu, toka Butembo mpaka Beni. Niko nauzisha viazi mpaka leo.

Kazi, niliisha kuililia, ikaisha. Kuko kintu ingine. Nilienda kumuomba musamaha mara ine. Kila mara alinipa kiti, bibi yake akaniletea chai, na hakunitukana hata siku moja. Mais toka ile siku ya Beni hakuniita tena ndugu. Hata juzi, inje ya kanisa, alinipa mukono vizuri, mbele ya batoto yake: "Bonjour, Monsieur." Monsieur! Miye, mwenye yeye alibeba ku mugongo!

Donc weye mwenye uko natafuta kazi, kama rafiki yako anakuuliza teste ni wapi, muambie. Muambie saa, muambie mulango, mupitie kwake asubui mutembee pamoja. Pengine ataichukua yeye, na utaumia. Umia tu! Siku ingine mutakutana mu njia, naye atakuita jina yako.